Jina la Tatu kwenye Orodha

Bulla Iftin,
S.L.P. 318,
Garissa.

22 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Sahara,

Assalaamu alaykum warahmatullahi. Magoti yako yanaelewana vipi na ngazi za nyumba ya Tanga? Huku tu wazima, alhamdulillahi, na mbuzi wa mama wamenenepa. Nakuandikia kwa Kiswahili ili wanao wakusomee, maana Kisomali chao kimeishia kwenye salamu. Simu sikupiga kwa makusudi. Kwenye simu hunikatiza kabla sijafika nusu, na jambo hili nataka ulisikie lote.

Linamhusu Deeqa, binti wa marehemu kaka yetu Guleid. Unakumbuka ule ukame alipokuwa na miaka saba, shemeji Kaaha akampeleka Dadaab, wakaandikishwa kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Nani angemlaumu? Lakini alama za vidole zilibaki kule, na leo kila akiomba kitambulisho cha Kenya anaambiwa yeye ni mkimbizi. Chuo cha uuguzi kimempa nafasi ya Septemba, na bila kitambulisho hawampokei.

Basi kaunti yetu ilikusanya majina ya vijana wa namna hiyo ili yapelekwe kufutwa kwa zamu kwenye daftari la wakimbizi. Mimi, Kiongozi wa Wengi katika bunge la kaunti, ndiye niliyetakiwa kujibu maswali ya wenzangu. Wajumbe wa Balambala walilalamika kwamba orodha ilibandikwa mjini tu. Nikakubali kosa, tukaongeza siku kumi na kuwapelekea makarani. Hapo nilijiona mtu kweli.

Kisha akasimama Mheshimiwa Nunow wa upande wa wachache, yule anayeuma na kupuliza, akauliza kama kuna jamaa wa viongozi waliotangulizwa. Nikafungua orodha nimjibu kwamba hakuna. Jina la tatu lilikuwa Deeqa Guleid. Wallahi sikumwagiza mtu. Karani fulani alitaka kunifurahisha, akamtoa nafasi ya mia nne na kitu akampandisha huko juu.

Ningeweza kusema nitachunguza kwanza. Sisi wanasiasa neno hilo hatulikosi. Badala yake nilisema huyu ni binti wa kaka yangu, mama yake ndiye aliyemwandikisha Dadaab, na arudishwe mahali pake. Wakapiga meza bunge zima. Hata Nunow alikuja kunipa mkono. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Deeqa alikuwa ameshasikia redioni. Alinipa chai kwanza, kwa adabu, ndipo akakaa. Nilidhani analilia chuo, nikaanza kumpa nasaha za subira. Akaniacha nimalize, kisha akasema: "Adeer, foleni nitangoja, hata mwaka. Ungesema ni mtu wako, ingetosha. Mbona ulitaja jina langu, na mama, na Dadaab? Sasa sokoni wanamuuliza mama kwao ni Somalia wapi."



Kaaha hajafungua meza yake ya maziwa tangu siku ile. Nilikwenda kumwomba msamaha, akasema yameisha, lakini hakunitazama. Nimeumia, dada. Ukweli nilisema mimi nikapigiwa meza, na aibu wakaibeba wao. Nakuomba umpigie Kaaha, umtoe nyumbani kwa maneno yako yale ambayo mtu hawezi kuyakataa.

Kwa Deeqa sijui utasema nini. Ananisalimia, ananipikia, hana kiburi hata kidogo. Ila tangu jioni ile haniiti tena adeer, kama anavyoitwa ndugu wa baba. Ananiita Mheshimiwa.

Nisalimie shemeji Abdisamad na wanao, Filsan na Abdikafi. Mama anakuombea dua kila swala. Allah awalinde na atukutanishe kwa heri.

Wako akupendaye,
Abdihafid