Daftari la Kufa na Kuzikana

Jumatatu, 1 Juni

Vijikaratasi mia mbili vimekwisha kabla ya saa tatu asubuhi. Nimesimama njiapanda ya Shika Adabu, hapa Likoni, tangu alfajiri, kwenye manyunyu. Wengi wamepokea. Wengine wamefungia mahamri papo hapo, mbele ya macho yangu. Sijali.

Nimeandika kwamba anayekuja kwako kila miaka mitano na kofia na unga hakupendi, anakukodi. Kwamba nyumba yenye heshima ndiyo serikali ya kwanza, na ikivunjika hiyo hakuna wizara ya kuiunga. Kwamba msikiti, kanisa na jirani vilitulea kabla hajaja mfadhili na semina yake ya hotelini. Chama chetu, Nyumba Kwanza, hakina helikopta. Kina watu wanaokuja na viti vyao kutoka nyumbani.

Yule mama muuza mahamri kaniuliza, "Na nyinyi mkishiba, Mwalimu, si mtatusahau?" Nimemwambia ajiunge atuchunge. Kacheka. Hakujiunga.

Jumatano, 3 Juni

Mkutano Miritini, chumba cha nyuma ya duka la vipuri vya malori. Mwakio ndiye mratibu wetu. Mchana ni karani wa kutoa mizigo bandarini Kipevu, jioni ni chama mwili mzima. Makao makuu wanataka wanachama wengi kabla ya mwezi kwisha, la sivyo tawi letu halitambuliwi. Likoni iko mkiani. Mimi ndimi katibu wa tawi. Aibu ni yangu.

Mwakio aliuliza nani anazijua nyumba za Likoni moja moja. Nikajibu kabla sijafikiri: daftari. Miaka tisa mimi ni mwandishi wa umoja wa kufa na kuzikana wa mtaa wetu, Waislamu kwa Wakristo, Mdigo, Mtaita, Mkamba. Kila mtu mzima yumo: jina, nambari ya kitambulisho, simu, nani achimbe kaburi, nani apike. Akaliomba ili ajue milango ya kubisha. Nimempa.

Hao ni watu wetu hata kama hawajui. Aliyeahidi kumzika jirani yake ameielewa siasa yangu kuliko maprofesa.

Jumanne, 9 Juni

Daftari limerudi. Na Likoni imetoka mkiani ikawa ya kwanza. Siku sita. Na mvua hii yote. Mwakio ana miguu mingapi?

Sikuuliza. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: nilitaka kuuliza, na sikuuliza. Nimekaa nikaandika kijikaratasi kipya, kichwa chake "Likoni Imeamka". Kinawaka moto. Nilikisoma mara tatu kwa sauti.

Ijumaa, 12 Juni

Riziki amekuja baada ya sala. Binti wa jirani yangu Bi Mwanaisha. Nilimsomesha darasa la sita. Sasa ana diploma na miaka miwili ya kukaa nyumbani. Aliomba ukarani wa muda wa kuandikisha wapiga kura. Usaili alipita. Kisha jina lake likapekuliwa, likaonekana ni mwanachama wa Nyumba Kwanza. Karani hatakiwi awe na chama. Amepewa hadi Jumatano alete barua ya chama kwamba hakujiunga, ama nafasi apewe mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi sikutia sahihi popote."

Kwa upole. Laiti angenipigia kelele. Majibu ya kelele ninayo, nimeyaweka akiba miaka thelathini.

Nimemwambia nitaangalia. Nitaangalia! Neno la wale ninaowatukana kila siku.

Alipoondoka nimefungua daftari. Ukurasa wa kumi na nne. Jina lake, nambari yake, mwandiko wangu. Pembeni nilikwisha andika: atasaidia jikoni.

Jumamosi, 13 Juni

Nimemfuata Mwakio Kipevu. Malori yamepanga foleni, naye ana mafaili kwapani. Hakukana. Majina yote aliyaingiza kwenye orodha ya wanachama kwa simu, siku mbili, bila kubisha mlango hata mmoja.

"Si wewe uliyesema ni watu wetu?"

"Nilisema tukawaulize."

"Vyama vyote vyafanya hivi, Mwalimu. Wataka tucheze mpira na viatu tumevishika mkononi?"

Nikamwambia barua ya Riziki lazima iandikwe. Akajishika kichwa. Barua hiyo moja ni ushahidi, alisema. Wakiivuta, mtaa mzima unafuata, tawi linakufa, na kazi ya mwaka mzima. "Msichana mmoja, Mwalimu. Mmoja! Atapata kazi nyingine."

Wapi? Nilitaka kumpiga. Kisha nikakumbuka ni nani aliyempa daftari.

Jumapili, 14 Juni

Sijatoka. Mvua. Vitabu vitatu vya historia viko wazi kitandani. Nilikuwa nikitafuta mtu aliyejenga jambo jema kwa msingi wa wizi, jambo likasimama. Wapo. Tena ni wengi. Hilo ndilo linaloniudhi. Husimama, ila likishasimama si lile jambo tena.

Nimesema majukwaani kwamba mtu kwanza ni mtoto wa watu, halafu ndiyo raia, halafu ndiyo kura. Nami nimemfanya Riziki kura kwanza.

Jumatatu, 15 Juni

Nimeandika barua. Muhuri wa tawi ninao mimi. Riziki hakujiunga, wala mtaa wake. Majina yalitoka kwenye daftari la mazishi. Aliyelitoa ni mimi. Ni maandishi mafupi kuliko yote niliyopata kuandika, na ndiyo yaliyonitoa jasho. Nakala nimepeleka makao makuu.

Ya kwake nimempelekea mwenyewe. Bi Mwanaisha alikuwa barazani akichambua mchicha. Hakuinua uso. "Mwandishi wa maiti," alisema, "kumbe waandika na walio hai."

Nikaiacha barua kando ya mchicha.

Jumanne, 16 Juni

Kikao cha kufa na kuzikana. Nimesimama mbele ya mtaa nikaeleza yote. Mzee Kombo, mwenyekiti wetu, alikohoa muda mrefu kabla ya kusema.

"Kitabu hiki ni cha wafu, Salim. Wafu hawana chama."

Akanyoosha mkono. Nikampa. Miaka tisa. Nilirudi nyumbani sijui mikono niiweke wapi.

Alhamisi, 18 Juni

Riziki aliifikisha barua kabla ya siku. Imepokelewa. Itachunguzwa. Mafunzo ya makarani yameanza leo asubuhi bila yeye.

Tawi letu limesimamishwa. Mwakio hapokei simu yangu.

Bado naamini. Naliandika hili leo makusudi, siku ambayo kuamini hakunipi kitu. Mtaa huu unahitaji chama kinachotoka mlangoni kwake. Waliotuuza wapo, na wanaongoja kutununua wapo. Lakini chama cha majirani hakiwezi kuanza kwa kumwibia jirani. Nimechukua fomu tupu. Mstari wa kwanza nimeandika jina langu. Atakayefuata aandike kwa mkono wake, akitaka.

Jumatano, 24 Juni

Majina tisa. Juma hili lote, tisa. Wawili wamenitemea maneno mbele ya watu, na walikuwa na haki. La tisa ni la muuza mahamri. Kapangusa mafuta kwenye kanga, kaandika polepole. "Kosa lenu nimelisikia kwenu, si kwa adui zenu," kaniambia. "Wengine hata hilo hawajawahi kutupa."

Usingizi sina. "Likoni Imeamka" nimevichoma vyote.

Jumamosi, 27 Juni

Mzee Kombo amefariki baada ya alfajiri. Hakuna aliyeniarifu. Nimesikia msikitini.

Nimechukua jembe nikaenda makaburini. Vijana walinitazama, kisha mmoja akasogea kunipa nafasi. Ardhi imelowa, kuchimba si shida. Mwanandani, ule upango wa kumlazia maiti, niliumalizia mimi, kama nilivyozoea. Tumemzika baada ya adhuhuri.

Tuliporudi kwake, Riziki alikuwa barazani, meza ndogo mbele yake, daftari juu ya meza. Wamemkabidhi yeye. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Kila aliyepita alimtajia jina na kazi aliyoifanya mazishini, naye akaandika.

Fomu za chama zilikuwa mfukoni mwangu. Sikuzitoa.

Zamu yangu ilipofika nikasogea mezani. Akaitazama miguu yangu, lile tope. Akainama akaandika jina langu. Hakuniuliza.

Nikanawa miguu, nikakaa na wenzangu.