Mudomo Wangu na Sindano ya Kavira

Goma, siku ya Alhamisi, mvua iko nje

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu za mudogo wako anayekuwaza kila siku. Goti lako linaendeleaje? Yale majani uliyofunga yamesaidia, ao ungali unapanda kilima cha kanisa kwa fimbo? Na maharagi yamekomaa? Sisi huku tuko wazima, tunakula, tunalala, Mungu anatulinda. Sambaza, vile visamaki ninavyouza, zimekuwa chache ziwani, lakini miye sikosi. Wavuvi wakifika ufukoni wanauliza kwanza, "Mama Kavira ako wapi?" Usicheke, yaya, ni kweli.

Utashangaa kupata karatasi na si sauti kwenye telefone. Sauti yangu ikifika kwenu, nyumba nzima inakaa kuisikiliza kama redio, na shemeji anaongeza volime mupaka jirani wasikie. Mambo ya leo ni yako peke yako. Ndiyo maana nimeyaandika, na karatasi ataibeba mama mumoja muchuuzi, anayepita Bunagana na kuzunguka kwa upande wa Uganda mupaka kufika kwenu, maana njia yetu ya siku zote imefungwa. Ukimaliza kusoma, ficha chini ya vitenge vyako.

Ni juu ya Kavira. Uliyemwona akiwa na miaka kumi, mwembamba kama mukia wa panya, leo ana makumi mbili na ine. Anafanya kazi kule Himbi, kwenye sale ya kujenga mwili, anafundisha wanawake asubuhi. Mama za ofisi wanashuka kwenye magari yao kuja kuamrishwa na mutoto wangu! "Inama! Inuka! Tena!" Nao wanatii. Na ana mugongo, yaya. Watu wa Goma wanafikiri ni chuma ndicho kilichoutengeneza. Miye niko najua ulikotoka. Ni ile kamba ya paji la uso, wewe mbele na miye nyuma, tukipandisha kuni na ndizi kutoka bondeni, na mama yetu anatuchekea kule juu.

Alipoanza, jirani mumoja aliniuliza, "Mama Kavira, huyo nani atamuoa?" Nikamujibu, "Atakayemuoa hatahitaji pikipiki. Atabebwa."

Basi miezi ine iliyopita wakatangaza konkuru, mashindano ya kuonyesha miili, hapa mujini, na wanawake nao ndani. Unanijua. Nilisema sokoni, nikasema ufukoni, nikamwambia hata padri baada ya misa: Kavira atakuwa wa kwanza. Kisha nikaenda kwa mama wenzangu wa shirika letu la kanisa, nikachagua kitenge chenye maua ya rangi ya machungwa, nikawaambia tukishone sote tufanane, tuingie naye ukumbini kama watu wa harusi. Wakakubali. Mushonaji akaanza kuwapima. Kavira alikuwa amesimama mulangoni, anatazama. Hakuingia kucheka na sisi. Nilifikiri ni haya.

Sasa sikia. Siku moja muchana Kavira anafua nyuma ya nyumba, telefone yake ikalia ndani. Namba haikuwa na jina, nikapokea. Sauti nzito, ya kifuani, inasema, "Kavira ako wapi? Ile produi imefika."

Yaya, damu ilinipanda. "Produi gani? Wewe mwanaume, unamuletea mutoto yangu nini? Kama unamupenda, kuja hapa mulangoni muchana, na wazee wako, na mbuzi! Kwetu hatuozeshi binti kwa telefone!"

Nikafikiri nimemushinda. Kisha ile sauti ikasema polepole, "Mama, ni miye. Furaha."

Furaha unamujua kwa habari zangu, ni yule binti wa jirani wetu wa zamani, aliyeimba pamoja na Kavira kwenye kwaya tangu utoto. Niliwahi kuwalaza kitanda kimoja. Nikacheka, nikauliza, "Furaha, uko na homa?"

"Apana, Mama. Hii ndiyo sauti yangu sasa." Akakata.

Nilibaki na telefone mukononi kama mutu aliyeshika kaa la moto. Nilikwenda nyuma. Kavira alikuwa na povu mupaka kwenye viwiko.

"Produi gani Furaha anakuletea?"

"Vitamini, Mama."

"Vitamini ndizo zilimupa Furaha koo la mwanaume?"

Akaacha kufua. Akaniambia yote akiwa amechutama, bila kuinua macho. Hiyo produi ni sindano za kukuza misuli. Furaha alizitumia mwaka uliopita. Kochi wa Kavira anasema wote watakaopanda jukwaani siku ile wanajidunga, na asiyejidunga anakuja kupamba tu. Kavira alikuwa bado hajaanza, ila alikuwa amemuomba Furaha amutafutie kwa muuzaji anayejulikana na kochi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Mama? Umekwisha kuvalisha shirika nzima kitenge."

Yaya, maneno hayo hayakuwa na hasira hata kidogo. Ndiyo maana yaliniingia. Ningepigwa kofi ingekuwa afadhali. Wewe tangu zamani ulikuwa unasema mudomo wangu utanichimbia shimo. Kumbe alikuwa mutoto wangu ndiye anasimama pembeni ya shimo lile.

Siku ya Posho, ile Jumamosi, Furaha akaja. Amekuwa mukubwa wa mabega, muzuri kwa kweli, lakini amejifunga fulari shingoni na jua linawaka. Nilipika sambaza na bugali, nikamukalisha mahali pa wageni. Nikamwambia, "Mwanangu, unisamehe ile siku. Unisamehe na wale mbuzi."

Akatabasamu. "Ulitaka wangapi, Mama?"

"Kumi na wawili."

"Kumi na wawili tu? Na mabega yote haya?"

Tukacheka sote watatu, na kicheko chake kilikuwa cha chini kuliko vyetu, na tulikisikia sote, naye akasikia kwamba tumekisikia. Akaacha kucheka.

Kisha akaongea bila kuulizwa. "Mama, sitakudanganya. Nguvu niliipata. Nilijitazama kwenye kioo nikafurahi. Kwanza vipele vikanijaa mugongoni. Kisha nikakosa siku zangu za mwezi, nikasema zitarudi. Sauti ilishuka kidogo kidogo, nikasema ni vumbi la Goma. Kwenye kwaya wakanitoa kwa dada wa sauti ya juu, wakaniweka kwa sauti ya chini, kisha miye mwenyewe nikaacha kwenda. Nilipoacha sindano, daktari aliniambia mengine yatarudi. Siku zimerudi. Sauti, alisema, hii haitarudi."

Kavira akamuuliza, "Unajuta?"

Furaha alikaza fulari yake. "Kuna siku ndiyo, kuna siku apana. Lakini hakuna mutu aliniambia kabla. Ndiyo nimekuja kukuambia kabla." Akatoa kifurushi kwenye saki yake, akakiweka mezani katikati ya sahani. "Umeomba, nimeleta. Sasa unajua nilichokuwa sijui."

Najua unachowaza: kwa nini sikukamata kile kifurushi nikakitupa kwenye choo? Mukono ulikuwa unaniwasha, yaya. Lakini Kavira ni mukubwa, mwili ni wake. Ningetupa hizo, kesho angetafuta zingine na angejificha zaidi. Nikaangalia ni kitu gani hapo mezani kilikuwa changu. Kilikuwa mudomo tu.

Kesho yake, Yenga, siku ya misa, kwenye shirika, baada ya kusoma Neno, nikasimama. Nikasema, "Mama zangu, nilisema Kavira atakuwa wa kwanza. Sikuwa najua. Nilisema kwa sababu nilipenda kujisikia nikisema. Ninaomba muliondoe neno lile. Sijui atakuwa wa ngapi."

Mama mukubwa wa shirika akanitazama juu ya miwani. "Mama Kavira, leo uko mugonjwa?"

"Niko mugonjwa siku nyingi, Mama. Leo nimepata nafuu."

Mwingine akapiga kelele kutoka nyuma, "Na kitenge? Miye nimekwisha kukishonesha na mikono ya kupuliza!"

"Tutavaa vilevile! Mutoto wetu si anapanda jukwaani? Ao mulishona kwa ajili ya kikombe?" Wakacheka, nami nikakaa. Iliniuma kama kung'olewa jino bila dawa. Hakuna mutu Goma angeweza kusimama na kusema vile, nakuhakikishia, ni miye peke yangu.

Hapa habari inakimbia kuliko mutu. Nilipofika nyumbani Kavira alikuwa amekwisha kusikia. Alinitengea maji ya kuoga, ya moto, na yeye si mutu wa kuniwashia moto.

Kesho yake akasema, "Mama, unisindikize Himbi." Nikaacha beseni la sambaza kwa jirani, nikavaa vizuri. Kule sale kochi alikuwa anahesabia watu. Kavira akamuwekea kifurushi kwenye meza yake.

"Rudisha kwa muuzaji wako. Miye situmii."

Kochi akacheka kwa pua. "Basi utakuwa wa mwisho. Ninakuambia leo, usije ukalia."

"Wa mwisho naye anapanda jukwaani, kochi."

Yule bwana akanigeukia miye, kwa heshima sana. "Mama, wewe ndiye ulikuwa unatuambia mutoto anashinda. Mwambie basi."

"Papa," nikamujibu, "miye nimeacha kutabiri. Muulize mwenyewe."

Tukatoka. Sikumusifu njiani, yaya! Kutoka Himbi mupaka kwetu, kilima na mawe ya volkano, sikusema neno la kumusifu hata moja. Mupaka yeye mwenyewe akasimama akaniuliza, "Mama, unaumwa koo?" Hapo nikamukumbatia barabarani, mapikipiki yanatupigia honi, na mugongo wake haukuenea mikononi mwangu.

Konkuru ni Yenga inayokuja. Karatasi hii ikikufikia, itakuwa imekwisha pita na mutakuwa mumesikia alikuwa wa ngapi. Leo sijui. Furaha atakaa na sisi mama wa shirika. Nimemushonea kitenge kile kile, nikamwambia asilete fulari, naye akasema ataona.

Nakuomba kitu kimoja. Ile sauti niliyokutumia mwezi ule, nikipiga vigelegele kwamba ameshinda kabla ya kushindana, ifute. Mwambie na shemeji aifute kwenye telefone yake, maana najua aliihifadhi. Musalimie sana, na mama yetu mudogo wa Lubero, na mukazamwana wako aliyejifungua. Mwambie nitakuja kumushika mutoto njia ikitulia. Musalimie na mwanao wa kwanza, anipikie kuku siku nitakayofika, asijifanye kusahau.

Asubuhi hii, kabla ya kuanza kuandika, Kavira alikuwa kwenye bafu pale nje, amesahau sabuni. Akaniita. "Mamaaa!" Ile sauti ya juu, nyembamba, inayovuka ukuta wa lupango mupaka kwa majirani, ile ambayo zamani nilikuwa namugombezea kwamba inatoboa masikio. Nilikuwa nimekwisha shika sabuni mukononi. Nikasimama nyuma ya mulango bila kujibu, ili aite tena.

Ni miye mudogo wako anayekupenda,

Kahindo, mama ya Kavira