Muhuri wa Chifu Haukutosha

Jumanne, saa nane mchana. Baridi ya Julai, na stima imepotea, kwa hivyo naandika kwa simu.

Niwie radhi, nimekaa miezi minne bila kuandika hapa. Ukurasa huu wa mtandaoni una wasomaji wawili: mimi, na dada yangu Mwende anayeufungua kwenye kompyuta ya ofisi kule Kitui. Kwa hivyo nisamehe wewe, Mwende. Nilijua nikiandika nitasema ukweli, na ukweli wenyewe sikuutaka.

Niko mpweke.

Tangu mume wangu, baba Mumo, aende nchi za Ghuba kuendesha malori, nyumba hii ya mtaa wa Lucky Summer ina sauti moja tu, ya Mumo, mtoto wetu wa miaka miwili ambaye maneno yake yote ni "maji", "hapana" na "paka". Nampenda kufa. Lakini hawezi kuniuliza siku yangu imeendaje.

Kutwa niko kazini kwenye mashine ya kusaga unga, Mumo amekaa juu ya magunia. Mwezi wa tatu mashine ilikwama. Fundi akasema anakuja kesho, kesho ikawa Alhamisi, wateja wakaanza kwenda kwingine. Nikaifungua mwenyewe. Beringi, ile pete ya chuma ya mhimili, ilikuwa imekwisha. Nikaingiza mpya, nikiigonga polepole kwa kipande cha ubao isipasuke, nikarudisha mkanda, ikanguruma. Tangu siku hiyo mwenye mashine hajamwita fundi tena.

Ndipo nikaanza kuwaza uhandisi wa mitambo. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Jana nikaenda chuo kikuu kimoja hapa mjini kuuliza. Kijana kwenye foleni akaniona na mtoto mgongoni.

"Mathe, foleni ya upishi ni ile pale."

"Na ya adabu iko wapi, nikupeleke?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye pia. "Poa mathe, pita mbele."

Mama wa dirishani alinieleza bila haraka. Digrii ni miaka mitano, na wanataka C+ ya kidato cha nne pamoja na alama nzuri za Hesabu, Fizikia na Kemia. Diploma ni miaka mitatu. Wanataka C-, na Fizikia iwepo. Kozi ya cheti, hata D unaingia. Ukimaliza cheti unapanda diploma, ukimaliza diploma unapanda digrii.

"C- yako nimeiona. Fizikia je?"

"Sikuifanya."

Unakumbuka, Mwende. Kidato cha tatu mwalimu wa Fizikia alihamishwa, maabara ikawa stoo ya mahindi, wasichana wote tukaambiwa tuchague Bayolojia. Nilichagua. Hata sikulia. Nimelia jana, kidogo, kwenye choo cha chuo, Mumo akinifuta mashavu kwa soksi yake.

Ni ngazi ndefu. Nikifika juu Mumo atakuwa ananifikia mabega. Nikajaza fomu ya cheti.

Hapo nikaaibika. Nilikuwa nimebeba nakala za karatasi zangu zote, zimegongwa muhuri wa chifu, nikijiona nimejipanga. Si kwetu muhuri wa chifu unazika mtu, unafungisha ndoa, hata mbuzi unamtoa polisi? Yule mama akanirudishia. "Mama, hizi zigongwe na wakili. Na wakili lazima aone zile halisi."

Mawakili wamejaa Makadara, karibu na mahakama. Zile halisi ndizo sina. Tangu mchwa walipokula karatasi za shamba la babu, mama yetu kule nyumbani huweka karatasi za familia nzima kwenye kabati la kanisa, na pasta hafungui mpaka mama awepo mwenyewe.

Fomu zinafungwa Ijumaa. Nikikosa, ni mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao nitakuwa nimeshazoea kukosa. Ndiyo ninachoogopa.

Baba Mumo nilimwambia kwa simu. Akasema: "Ngoja nirudi kwanza tuongee."

"Wewe nakungoja kila siku. Fomu haingoji."

Sikupandisha sauti.

Sasa, Mwende, najua simu yako bado ni mbovu, ndiyo maana naandika hapa. Mfuate mama leo, muende kwa pasta pamoja, msingoje Jumapili. Kesho bahasha mpe dereva wa basi, andika namba yangu juu yake, nitaipokea mwenyewe. Ninachohitaji bado ni hiki: cheti changu cha mtihani wa kidato cha nne, kile halisi, si nakala. Cheti cha kumaliza shule, chenye maneno ya mwalimu mkuu. Cheti cha kuzaliwa. Daftari langu la Fizikia la kidato cha pili, liko chini ya kitanda kule kwa mama, hata kama panya wamelianza.

Na mama mwenyewe aje akae nasi, masomo yakianza, wiki mbili tu. Mwambie ni kwa ajili ya Mumo, la upweke usiliseme.