Vinyonga Vyako vya Buleusa

Papa wangu mupendwa,

Vinyonga vyako vimezaa tena. Hapa Lushebere, chini ya hema letu la bashi ya plastiki, katika kile kijumba cha mustikere, chandarua cha mbu ulichokishona mwenyewe, vitoto vimejaa, vyembamba kuliko kidole. Majirani wa kambi bado wanapita mbali. "Binti ya profesere, hiyo madudu yenu itatuletea kifo!" Ee, kana kwamba kifo kilikuwa kinangoja vinyonga.

Unakumbuka kule Masisi, nyuma ya jiko? Vijumba viwili: kimoja cha vinyonga vya milima yetu, kingine cha vile ulivyobeba kutoka kwenu Buleusa ili wanafunzi wako wavione. Mimi nilijidai fundi: hiki cha kijani njo cha Masisi, kile cha kahawia njo cha Buleusa. Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. "Acha rangi, mutoto wangu. Rangi inadanganya. Kama kimezaliwa mikononi mwa watu, uliza tu wazazi wake walitoka wapi."

Vita ilipofika, mama, ambaye hakuwahi kuvigusa, alivifagia vyote ndani ya kikapu kimoja. Humu kambini vikazaliana. Ukavitazama, ukamtikisia mama kichwa. "Bibi yangu, sasa hata mimi sijui tena." Mama akakurudishia, "Na watoto wetu, si njo vile vile?" Siku hiyo tulicheka sana.

Kisha ukapanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda Pinga kutafuta kazi ya shule. Mwenye moto, ambaye walimwachilia, ndiye aliyetusimulia. Kwenye bariere, pale wenye bunduki walipofunga njia, walikuuliza, "Uko wa upande gani?" Ukajibu, "Mimi wa Buleusa, bibi yangu wa Masisi, watoto wetu wa kote." Wakakupeleka nyuma ya nyumba. Mwenye moto alisikia risasi. Papa! Kwa nini haukutaja upande mmoja tu, ule waliotaka kusikia? Nakukasirikia, nalia, halafu nakukasirikia tena.

Sasa Koko, mama yako, amepiga simu kutoka Buleusa. Hakubali tumalize kilio chako mpaka vinyonga vyako vya Buleusa virudi kule msituni. Kwao, watu wa kuwinda, mtu akifa, mnyama hai aliyemfunga lazima aachiliwe kule alikomtoa, la sivyo marehemu hatulii. Nikamwambia vile vya zamani vilikufa, hivi vilivyobaki vimechanganyika, na aliyekuwa anavijua ni wewe. Kisha akasema, "Basi leta yote. Pori haitauliza."

Pori haitauliza, sawa. Lakini njia ni ile ile ya Pinga, na wale watu bado wako pale. Kikapu nimeshakifuma, kiko mlangoni. Mama hanisemeshi tangu alipokiona. Nikiteka maji najizoeza peke yangu: mimi wa Masisi. Hapana, mimi wa Buleusa. Naogopa, Papa. Kila nikijaribu, mdomo unatoa jibu lako.

Nivumilie kidogo pale ulipo. Naja.

Mimi, mutoto wako wa kote.