Swali Nililoliondoa Bungeni

Mpendwa Bi Hester,

Naomba unisaidie, maana nina jambo ambalo sijaweza kumwambia hata mke wangu. Mimi ni mbunge wa mji wa viwanda vya pamba, zamani nilikuwa mfumaji, na kwa miaka saba nimekuwa katika kamati ya watu kumi na wawili ambao wabunge wa chama chetu huwachagua kila mwaka kuwaongoza katika upinzani, na kati ya hao rafiki yangu wa kufa na kuzikana ni Reuben (majina yote nimeyabadili), tuliyepanga naye chumba kimoja London, tukila samaki wa kukaanga na kuiponda serikali mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta. Mwezi wa Mei chama kikaingia katika serikali ya pamoja ya vita, Reuben akapewa uwaziri, mimi nikaambiwa nibaki kwenye benchi la mbele la upinzani kwa kuwa lazima awepo mtu wa kuuliza maswali, nikakubali, ingawa ni kazi ya ajabu kuwahoji watu wa chama changu mwenyewe.

Septemba alikuja kwangu Nellie, mjane wa mwashi, akaweka mezani kipande cha mchanganyiko wa kujengea alichokibandua kwenye ukuta wa banda la matofali la kujikinga na mabomu mtaani kwao, akakiponda kwa vidole viwili kikawa unga.

"Chokaa na mchanga, Bwana Mbunge. Saruji hamna hata kijiko. Marehemu wangu asingejengea hivi hata banda la kuku."

Nikaandika swali la bungeni. Reuben, ambaye wizara yake ndiyo iliyotoa maagizo ya ujenzi, akaniita.

"Edwin, ukiuliza hilo Jumanne watu watayakimbia mabanda yote, hata yaliyo mazima, na wenzetu chamani waliopinga tuingie serikalini watatucheka. Nipe wiki mbili nirekebishe kimyakimya."

"Wiki mbili, Reuben. Siku moja zaidi hupati."

Nikaliondoa swali. Siku ya tisa bomu likaanguka uwanja wa jirani, banda la mtaa wa Nellie halikuguswa, lakini kuta zilifunguka na paa la zege likawashukia watu kumi na mmoja, mmoja wao Ada, dada yake Nellie, na kwenye mazishi Nellie akanishika mkono akasema, "Najua ulijitahidi," nami nikaitikia kwa kichwa, Bi Hester, kama mtu aliyejitahidi kweli. Mabanda mengine thelathini na manne yaliyojengwa hivyohivyo bado yanatumika, Reuben anaomba siku kumi tena, wenzangu katika kamati wanasema umoja wa serikali kwanza, na mwezi ujao tunapigiwa kura upya. Nifanye nini? Nijiuzulu?

Mbunge, Lancashire

Ndugu yangu,

Pole. Nasema mara moja tu kwa sababu muda hatuna. Umeniandikia mengi kuhusu Reuben, kamati na kura. Watu watakaoingia kwenye mabanda hayo leo umewapa nusu mstari. Hapo umeniudhi.

Swali litangoja Jumanne. Wewe panda treni leo, nenda kwa karani wa mji, mabanda yafungwe kwa mbao na watu wapelekwe vyumba vya chini vya makanisa na viwanda. Watu hawa wanaamka na mabomu na bado wanakwenda kazini; msisingizie hofu yao kuficha aibu yenu.

Reuben si shetani. Msomee swali kabla hujaliuliza, alisikie kutoka kwako. Kisha uliza. Walikuweka kwenye benchi lile kwa ajili hiyo. Na usijiuzulu, huko ni kutoroka kwa heshima. Wakikunyima kura, watakunyima ukiwa umesimama.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda kwa Nellie. Mwambie, "Nilijua, na swali nililiondoa mwenyewe." Reuben usimtaje. Wala usimdai msamaha, hana deni nawe.

Hester

Majibu hayo niliyatuma kwa posta siku ileile niliyopata barua yake, mwezi wa Oktoba. Sasa ni Desemba, na mbunge mwenyewe ameniruhusu kuyachapisha hapa gazetini pamoja na yaliyotokea.

Mabanda thelathini na manne yalifungwa kwa siku mbili. Swali liliulizwa. Reuben alisimama mbele ya Bunge zima akakiri kosa la wizara yake, na tangu siku hiyo hawajasalimiana. Kwenye kura za kamati bwana huyu alikosa nafasi, kwa kura nne.

Kwa Nellie alikwenda kwanza, kama nilivyomwagiza. Nellie alimsikiliza mpaka mwisho pale mlangoni, hakumkaribisha ndani wala hakumpa chai.

"Ada alikupigia kura tangu ile mara ya kwanza," akamwambia, na akafunga mlango.