Pini Mbili za Bunduki ya Hamisi

Baba yangu mbishi,

Shikamoo huko uliko. Nimetanguliza shikamoo mapema ili usije ukasema nimekosa adabu, maana haya ninayotaka kukwambia adabu yake ni ndogo. Arubaini yako imepita, wageni wametawanyika, na mimi nimebaki na hasira isiyo na pa kwenda. Kwa hiyo inakuja kwako.

Unaikumbuka siku Hamisi alipoleta bunduki? Ulikuwa mwaka ule watoto wa shule walipopewa vikombe vyenye picha ya malkia. Hamisi, askari wa wanyama, alishuka na baiskeli kutoka Kwale mpaka kwetu Msambweni, bunduki ya serikali begani na barua ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mfukoni, asije akakamatwa njiani. Kile kidude cha kulengea, kilichokaa mwisho wa mtutu, kilikuwa kinacheza.

"Mzee, juzi nimemlenga ndovu kwenye shamba la muhogo," alikwambia, "risasi imekwenda kupiga mnazi. Ndovu akanigeukia mimi. Nimepona kwa miguu yangu tu."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi sikucheka. Nilimmiminia yule mtu kahawa kwanza.

Kidude kile kilishikwa na pini mbili zilizopita chini ya mtutu, nazo zilikuwa zimelika. Ukachonga mpya nne kwa tupa, mbili za kutia na mbili za akiba, kila moja nyembamba upande huu na nene upande wa pili. Hapo sikutoi kasoro, mikono yako ilikuwa bado inajua kazi. Macho ndiyo yaliyokuwa yamekwisha, na wewe hukutaka hata paka ajue. Kazi ya kusafisha matundu ukanipa mimi, kwa kitambaa na mafuta ya taa. Nikajaribisha pini kwa vidole. Upande wa kuume ilikataa kwenye mdomo wa tundu. Upande wa kushoto iliteleza ikaingia karibu yote. Mtoto mdogo angeelewa kwamba pini zile hupigiliwa kutoka kushoto.

Lakini wewe! Wewe uliyeingia kila nyumba kwa mguu wa kuume, ukavaa kiatu cha kuume kwanza, ukapigilia kila bawaba ya mji huu kuanzia kuume kwa kutaka baraka! Ukafunga mtutu kwenye jiriwa, kile chuma chako cha kubania, ukasema bismillahi, ukainua nyundo upande wa kuume.

"Baba," nikasema polepole, "labda tugeuze?"

"Tugeuze nini?"

"Mtutu."

"Mimi kazi yangu huanzia kuume tangu wewe hujazaliwa. Shika hapo, unyamaze."

Mgeni ameketi, anatazama. Binti gani humkosoa babake mbele ya mgeni? Nikashika kama ulivyosema. Kila ukipiga nasikia pini inalia vibaya, imeuma ncha tu na kwingine kote iko huru. Nikawa namwona Hamisi amesimama mbele ya ndovu na kidude kile kinacheza tena. Na wewe wapiga tu, wapiga!

Alhamdulillahi, ikaadhiniwa alasiri. Mkaondoka pamoja kwenda msikitini. Nikatia komeo mlangoni, nikazitoa zile pini, nikatia zile za akiba kutoka kushoto. Ziliingia sawasawa, zikakaa. Mliporudi nilikuwa nje nachambua mchele, sura ya mtu asiyejua lolote. Ukapitisha kidole gumba kwenye mtutu, upande huu, kisha upande ule.

"Chukua," ukamwambia Hamisi. "Imekaa."

Basi. Hukuniuliza, hukunikemea, hukunishukuru. Ila tangu siku hiyo, ikija kazi yenye vitu vidogo, cherehani au taa ya karabai, wewe ghafla wawahi msikitini! Saa nzima kabla ya adhana! Nami nikitia komeo, nikitengeneza, nikikimbilia mchele. Miaka minne, baba. Miaka minne nikiishi kwa hofu kwamba utajua, uvunjike moyo.

Sasa umekwenda zako, na juzi Juma, mwana wa shangazi, amekuja na mkokoteni kuchukua jiriwa na sanduku la vyombo. Mali ya mjomba huenda kwa mpwa, ndiyo desturi yetu Wadigo, sikatai. Lakini Juma hajui tupa wala tindo, anataka kuuza tu. Nikasema vyombo hivi ndivyo vinavyonilisha. Akanicheka mbele ya majirani. "Mwanamke na jiriwa, wapi na wapi? Nani amekuona umeshika nyundo?"

Nani aliniona? Mlango ulikuwa na komeo!

Hamisi alikuwa amefika kutoa pole, bunduki ileile begani. Akamshika Juma mkono.

"Mimi sikumwona," akasema. "Lakini mzee aliniambia kwa kinywa chake siku ileile, penye birika la kutawadhia. Alisema, 'Nimepigilia upande sio, na mbele yako sikuweza kukubali. Tukawie kidogo hapa. Nimemwachia binti yangu, tukirudi utaikuta imekaa.' Na mimi nimesimama mbele ya ndovu miaka minne kwa kazi ya huyu."

Majirani wakasema vyombo ni vya mwenye kuvifanyia kazi, na Juma ameondoka na mkokoteni mtupu.

Jamani, baba! Ulimwambia mtu baki, miguu yako ikiwa ndani ya maji, na mimi mwanao ukaniacha na mchele wangu! Neno moja tu lingekugharimu nini? Nimekasirika mpaka nimelia, na nikilia nakukumbuka, nikikukumbuka nakasirika upya.

Leo asubuhi nimeletewa cherehani, pini yake imelegea. Nimejaribu kwanza upande wa kuume, kwa heshima yako. Imekataa. Nimegeuza, nikapigilia kutoka kushoto, na mlango nimeuacha wazi.

Mola akulaze pema, mbishi wangu.

Mimi binti yako, niliyekushikia mtutu.