Chapa ya Mfalme Seleuko

Garissa,
14 Julai 1996

Dada yangu Kaaha,

Assalamu aleikum warahmatullah. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la hapa halina adabu. Watoto hawajambo? Visima vya Tarbaj vina maji? Na uzao wa yule ngamia jike niliyepewa siku niliyozaliwa, bado mnauita wangu?

Shuleni ninakofundisha nimepata kitabu kisicho na jalada, kinachomsimulia mfalme Seleuko. Alitoka kwao Makedonia akiwa kijana, akimfuata Iskandari vitani. Iskandari alipokufa, yeye akatwaa Babeli, akatawala hadi karibu na India. Miaka hamsini, dada, bila kukanyaga kwao! Uzeeni akamwachia mwanawe nchi za mashariki, akasema anataka kumalizia siku zake alikozaliwa. Akavuka mlango wa bahari, na kabla hajafika akauawa na mgeni aliyempa hifadhi mwenyewe.

Niliwaambia wanafunzi kwamba, inavyosemekana, alizaliwa na alama ya nanga pajani. Filsan, binti wa wachunga ngamia ambaye hanyamazi darasani, akauliza kama ilikuwa chapa, ili akipotea arudishwe kwa wenyewe. Wenzake wakacheka. Mimi nikashika tumbo, pale Hooyo, mama yetu, aliponichoma kwa kijiti cha moto kunitibu nilipougua nyongo utotoni.

Kaaha, kila barua unaniambia Hooyo ananisalimu, anauliza nitakuja lini. Nami hujibu kwamba mvua zikikatika. Sasa nikuambie nililokuficha. Desemba nilikuja. Nilifika hadi Wajir, nimemchukulia shuka na majani ya chai. Sokoni nikakutana na jirani yetu Hared, akanishika mkono, akanipa pole ya mama yetu, kwamba tangu tumzike mwezi wa Ramadhani hajaniona. Hakujua kwamba nilikuwa sijui. Nikajiona mnyama mwenye chapa ya mtu asiyekuwepo. Nikapanda lori la mbuzi, nikarudi Garissa.

Sikukasirika, wallahi. Uliogopa kwamba bila yeye sitarudi tena. Na mimi nilinyamaza kwa sababu kila uliponiandikia salamu zake, nilikuwa na mama mpaka mwisho wa ukurasa. Nimemkumbuka hadi naumwa.

Shule zikifungwa Agosti nakuja, na safari hii sitaishia Wajir. Utanionyesha alipolala. Ila kabla sijaondoka nijibu, dada, na uniandikie salamu zake mara moja tu, ya mwisho.

Wabusu watoto, na Mungu awape mvua.

Nduguyo,
Dekow